Helikopta iliyolala kwenye theluji: cha kufanya kabla ya kuwasha injini

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni rubani wa helikopta. Hapa Kenya nimeruka zaidi na AS350, helikopta nyepesi ya injini moja, kutoka Nanyuki na uwanja wa Wilson, Nairobi. Nimepata mkataba wa msimu mmoja wa baridi huko British Columbia, Kanada, kupeleka mafundi kwenye minara ya mawasiliano milimani kwa helikopta ya aina hiyo hiyo. Theluji ninayoijua ni ile ya Mlima Kenya, ya kuitazama kwa mbali au kutua dakika chache na kuondoka. Nimeambiwa huko helikopta italala nje, na marubani wenzangu wananitisha kwamba theluji inaweza kuzima injini angani. Je, ni kweli? Na asubuhi nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, ndugu rubani, na hongera kwa mkataba.

Ni kweli, theluji huzima injini. Lakini namna inavyoizima si ile ambayo mtu aliyejifunzia kuruka kwenye jua angeifikiria. Theluji nyepesi inayoingia injinini kidogo kidogo mara nyingi hupita bila madhara: inayeyuka, inageuka mvuke, inatokea nyuma pamoja na moshi. Kinachozima moto ni bonge. Theluji inajikusanya mahali fulani mbele ya kompresa (sehemu ya injini inayobana hewa), inakaa hapo, inashikamana, halafu inaachia kwa wakati mmoja na kumezwa yote. Maji na barafu za kiasi hicho zikifika kwenye chumba cha mwako kwa mpigo, moto hauwezi kuendelea kuwaka. Na bonge huachia wakati usioutaka, yaani pale unapovuta nguvu nyingi kuondoka, au dakika chache baadaye mtikisiko na joto la injini vinapokuwa vimelilegeza.

Sasa fikiria helikopta utakayopewa. Kwenye AS350 mdomo wa kuvutia hewa uko juu mgongoni, nyuma ya gia kuu. Theluji ya usiku kucha inauangukia. Kama kifuniko hakikufungwa, au kilifungwa kikalegezwa na upepo, asubuhi kuna theluji ndani ambayo ukisimama chini huioni kabisa. Hiyo ndiyo njia ya kwanza, na ndiyo rahisi kuizuia.

Njia ya pili ni ya ujanja zaidi. Umetua saa kumi jioni, injini bado ya moto, theluji inaanguka. Chembe zinazogusa chuma cha moto zinayeyuka, maji yanateremka hadi sehemu ya chini ya njia ya hewa, na injini ikipoa yanaganda. Barafu ya namna hiyo ni angavu kama kioo. Unamulika tochi, unaona rangi ya bati, unasema pasafi. Ndiyo maana nasisitiza kwa kila rubani ninayemfundisha kwamba ukaguzi wa theluji unafanywa kwa vidole. Panda ngazi, vua glavu nene ubaki na ile nyembamba, ingiza mkono, papasa mbele ya kompresa na pembeni, hasa sehemu ya chini ambako maji yangetuama. Pale mkono usipofika, mwite fundi afungue.

Ya tatu hutokea mchana, injini ikiwa inawaka. Umetua kwenye mnara, mafundi wanashusha vifaa, wewe umekaa na rota inazunguka kwa nguvu ndogo huku theluji inaanguka. Dakika zinapita. Theluji inajipanga juu ya bamba la mbele ya mdomo wa hewa kwa sababu upepo wa kuipeperusha haupo. Mafundi wanapanda, unavuta wenzo wa kolektivu (ule wa kunyanyulia helikopta), na ule mrundikano wote unaingia. Ukijikuta unasubiri muda mrefu kwenye theluji inayoanguka, zima injini, funga vifuniko, kisha ukague upya kabla ya kuwasha. Wenye haraka watanung'unika. Waache wanung'unike.

Kuhusu vifaa, usidhani helikopta mbili za aina moja zina ruhusa moja. Kwa helikopta nyingi ndogo za turbini, kuruka kwenye theluji inayoanguka kunaruhusiwa tu kama kifaa fulani kimefungwa kwenye mdomo wa hewa, na mara nyingi kuna mpaka wa mwonekano au wa muda wa kuelea, yaani kusimama hewani. Bell 206, kwa mfano, hufungwa vikinga theluji maalumu. Mipaka hii imeandikwa kwenye nyongeza za mwongozo wa rubani, nyuma kabisa, kurasa ambazo hapa kwetu hakuna aliyewahi kuwa na sababu ya kuzifungua. Siku ya kwanza kazini, omba mwongozo wa helikopta yako mahususi, kwa namba yake ya usajili, usome kurasa hizo kabla ya kusoma kitu kingine chochote.

Kuna jambo ambalo ningependa likae kichwani mwako kuliko yote. Mtu akisikia Kanada anawaza nyuzi 30 chini ya sifuri. Baridi ya namna hiyo inatesa mwili na betri, lakini theluji yake ni kavu kama unga na haishiki kwenye kitu, ukiipuliza inaondoka. Hatari kubwa iko karibu na sifuri, kuanzia nyuzi 1 au 2 juu yake hadi 4 au 5 chini. Hapo theluji ina maji. Inanata kwenye mapanga ya rota, inajaza mdomo wa hewa, inayeyuka mchana na kuganda jua linapozama. Bondeni unaweza kuwa na mvua, kwenye mnara theluji, na katikati mvua inayoganda pale inapogusa helikopta. Pwani ya British Columbia na safu ya milima iliyo nyuma yake ina siku nyingi za namna hiyo, kwa sababu hewa yenye unyevu wa Bahari ya Pasifiki inapandishwa mlimani. Ukiamka ukakuta nyuzi sifuri na mawingu mazito, hiyo ndiyo siku ya kwenda polepole.

Kazi ya asubuhi inaanza jioni. Ukishatua mara ya mwisho, angalia unapoiacha helikopta. Skidi, ile miguu ya helikopta, zikikaa kwenye theluji iliyolowa au tope, usiku zitagandamana na ardhi. Ziweke juu ya mbao au matawi ya misonobari. Acha injini ipoe kiasi ambacho turubai halitaungua wala kuufungia mvuke ndani, kisha funika mdomo wa hewa, bomba la moshi, pito (mrija wa kupimia mwendo) na mapanga. Usiende kula kwanza. Kama theluji inaanguka, subiri hapo hapo. Toa betri ukalale nayo ndani kwenye joto, maana betri iliyoganda ina sehemu tu ya nguvu zake. Funga vifuniko vyote kwa kamba zenye utepe mwekundu, na vihesabu. Asubuhi utavihesabu tena unapovitoa, na idadi isipolingana huwashi injini hadi kile kilichopotea kipatikane.

Mapanga yanahitaji subira kuliko sehemu nyingine yoyote. Sheria ya Kanada, kanuni ya 602.11, inakataza kuondoka ukiwa na sakitu, barafu au theluji iliyoshikamana na sehemu muhimu za chombo, na mapanga ya rota yametajwa humo. Marekani wanakataza vilevile. Marubani wengine huona sakitu nyembamba kama ile inayochoma majani ya viazi kule Kinangop wakasema itapeperuka rota ikizunguka. Sehemu itapeperuka. Lakini panga moja likisafika kabla ya jingine, uzito hauko sawa, na mtetemo unaoanzia hapo unaweza kuiharibu helikopta kabla hujaruka. Sakitu inayobaki nayo inakwaruza hewa: inapunguza mnyanyuo na inaongeza nguvu unayohitaji kuelea, nguvu ambayo umeihesabu kwa mapanga laini.

Namna ya kuyasafisha ina umuhimu wake. Theluji laini ifagie kwa brashi laini, ukielekea upande wa ncha, bila kulibinya panga chini. Barafu iliyoshika iyeyushwe kwa hewa ya moto, au helikopta iingizwe kwenye hanga lenye joto kama lipo. Usikwangue kwa bati, usigonge kwa fimbo. Mapanga ya AS350 ni ya nyuzi za kioo na utomvu, na jeraha dogo juu yake ni kesi ya fundi. Dawa za kuondoa barafu unazoona zikimwagiwa ndege kubwa viwanjani usizitumie hadi mtengenezaji wa helikopta yako awe ameziruhusu kwa maandishi. Baada ya kuyeyusha, futa maji yote. Hapa ndipo wengi huharibu kazi nzuri: wanayeyusha barafu ya juu, maji yanateremka hadi kwenye kitovu cha rota, kwenye viungo vya kubadilishia pembe ya mapanga, kwenye matundu ya kutolea maji, yanaganda tena huko. Pita na kitambaa kikavu, kisha papasa.

Rota ya mkia ifanyie hivyo hivyo, na zaidi. Iko chini, hupata theluji inayorushwa na upepo wa rota kuu, na mafundi huisahau kwa sababu kila mtu anatazama juu. Sogeza pedali mtu mwingine akiwa anaangalia huko nyuma kama viungo vinatembea bila kukwama. Halafu saikliki (wenzo wa kuelekezea helikopta) na kolektivu, polepole, mwendo wote unaoruhusiwa injini ikiwa imezimwa. Ukihisi ugumu ambao jana haukuwepo, tafuta barafu kwenye sahani ya kuongozea rota kabla hujamlaumu fundi wa haidroliki.

Matundu madogo ya kupima hewa ubavuni, pito, na mabomba ya kupumulia ya tangi la mafuta yote yakaguliwe kwa kidole. Tangi lililozibwa pumzi yake linaweza kuinyima injini mafuta ukiwa njiani.

Kwenye mafuta yenyewe kuna mtego. Jet A-1 unayoijua haigandi hadi nyuzi 47 chini ya sifuri. Jet A, ambayo ni ya kawaida Amerika Kaskazini, mpaka wake ni nyuzi 40 chini. Kwa hiyo mafuta si tatizo lako kubwa kusini mwa British Columbia. Tatizo ni maji yaliyomo ndani yake. Mafuta yakipoa, maji yaliyokuwa yameyeyuka humo yanajitenga, yanakuwa chembe za barafu na kuziba chujio. Miongozo mingi inadai dawa ya kuzuia barafu ichanganywe kwenye mafuta kukiwa na baridi ya kiwango fulani, nayo huchanganywa kwa kipimo, wakati wa kujaza, si kumwagwa juu juu. Na unapotoa sampuli asubuhi, kama kizibo cha chini hakitoi kitu au kinatoa tone moja moja, usiandike kwamba mafuta ni safi. Inawezekana maji yameganda juu ya kizibo. Pasha joto sehemu hiyo, utoe tena.

Kuhusu kupasha injini, kambi nyingi za kaskazini zina mashine kubwa za hewa ya moto zenye mikono ya turubai. Watu huziita Herman Nelson kwa jina la kiwanda kilichozianzisha. Ipe injini na gia kuu muda wa kutosha. Mafuta ya kulainishia yakiwa mazito, injini huzunguka polepole wakati wa kuwasha, betri dhaifu inazidisha upole huo, hewa inayopita haitoshi na joto la moshi linapanda ghafla. Umeshafundishwa kusitisha uwashaji wa namna hiyo. Kwenye baridi, kaa na mkono tayari zaidi ya unavyokaa Wilson, na kama kuna chanzo cha umeme cha nje, kitumie. Hewa ya moto usiielekeze kwenye kioo cha mbele. Plastiki ile hupasuka.

Injini ikishawaka, usiwe na haraka na nguvu. Subiri joto la mafuta ya injini na la gia lifike kiwango cha chini kilichoandikwa, shinikizo lishuke hadi kawaida. Angalia pia uso wa ardhi. Juu ya barafu tupu, rota inapoongeza kasi, mwili wa helikopta hutaka kuzunguka upande wa pili na hakuna msuguano wa kuuzuia. Ongeza taratibu, pedali zikiwa hai.

Halafu kunyanyuka. Skidi moja ikiwa imegandamana na ardhi na nyingine iko huru, kuvuta kolektivu kunaifanya helikopta izunguke juu ya ile iliyoshikwa. Inalala ubavu kwa sekunde chache, na kadiri unavyovuta ndivyo unavyoharakisha. Hakuna rubani mwenye mikono ya kuwahi hilo likishafika mbali. Dawa yake ni kushusha kolektivu mara moja, kwa upole lakini bila kusita. Kwa hiyo kabla ya kupanda, zunguka uone skidi zote mbili, zichimbue kwa koleo. Baadaye, ukiwa mwepesi lakini hujaachia ardhi, gusa pedali kidogo kushoto na kulia uhisi kama mkia unakwenda huru. Ukihisi pande mbili haziko sawa, shusha, zima, chukua koleo tena.

Kuhusu mafundi wako: waeleze kabla ya safari, kwa maneno machache, tena kila siku. Theluji ya kina inamnyanyua mtu anayetembea juu yake huku skidi zikizama, kwa hiyo nafasi kati ya kichwa na panga inapungua bila mtu kuona. Kwenye mteremko inapungua zaidi upande wa juu. Antena, fito na koleo zibebwe kwa mlalo chini ya kiuno. Na wakati unatua, wao wapige magoti mahali pamoja, wafunike uso, wasisogee mpaka wingu la theluji litulie na wakuone ukiwaashiria. Upepo wa rota kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri unaunguza ngozi iliyo wazi.

Tuje kwenye kile kinachoua zaidi, nacho ni weupe. Wewe unalijua vumbi la Magadi na Samburu, unajua linavyokufunika sekunde za mwisho. Theluji laini hufanya vivyo hivyo, ila kwa theluji hata chini ya wingu hilo hakuna rangi ya kushikilia macho. Ardhi nyeupe, anga nyeupe, hakuna kivuli. Tarehe 28 Novemba 1979 ndege ya abiria aina ya DC-10 ya New Zealand iligonga mteremko wa Mlima Erebus huko Antaktika, watu wote 257 wakafa. Walikuwa chini ya mawingu, hewa mbele yao safi, na mteremko mweupe ulikuwa umeungana na mawingu hivyo hawakuuona kama mlima. Njia ya ndege ilikuwa imebadilishwa kwenye kompyuta bila wao kuambiwa, na hilo lilijadiliwa miaka mingi. Lakini macho yao hayakuwa na ubovu wowote, na bado hayakuwasaidia.

Kwa helikopta, ajali ya kuisoma ni ile ya tarehe 27 Machi 2021 karibu na Barafuto ya Knik, Alaska. AS350 B3 iliyobeba wateleza theluji iligonga ukingo wa mlima. Watu watano walifariki, akiwemo Petr Kellner, mtu tajiri kuliko wote Ucheki, na mmoja aliokoka. Wachunguzi wa Marekani walihitimisha kwamba rubani alikutana na weupe akashindwa kuukabili ipasavyo, na kwamba mafunzo na mitihani ya kampuni haikuwa imepima jinsi marubani wake wangefanya wakipoteza kuona nje ghafla. Helikopta ni aina ile ile utakayoruka, na mazingira ni yale yale. Tafuta ripoti hiyo usome yote.

Mbinu ya kutua ambayo ningekushauri uifanye mazoezi na rubani wa huko kabla hujabeba abiria ni hii. Chagua mahali penye kitu cheusi cha kuangalia: mwamba, kichaka, bendera, hata mfuko mzito wa rangi uliodondoshwa na aliyetangulia. Kitu hicho kiwe mbele yako upande wako, karibu, ili wingu likija kisipotee. Pita juu kwanza uangalie. Njoo kwa pembe ya wastani ukibaki na mwendo kidogo hadi mwisho, wingu likibaki nyuma kwenye mkia, na uende moja kwa moja hadi chini bila kusimama kuelea. Kama theluji ni nyepesi na una nguvu ya ziada, unaweza kuelea juu kabisa ukaipeperusha yote, ukashuka polepole ukiona ardhi imetokea. Hii ya pili inataka muda na nguvu, na kwenye theluji inayoanguka inakurudishia ile hatari ya mdomo wa hewa niliyoitaja mwanzoni. Kitu cheusi kikikupotea hata sekunde moja, nyanyuka, ondoka. Njia ya kuondokea uwe umeshaichagua kabla hujaanza kushuka. Kushuka ukitafuta kwa macho ndiko kunakomaliza watu.

Ukigusa, usishushe uzito wote. Baki na nguvu, jaribu kidogo kidogo. Theluji yenye ganda juu huweza kushika skidi kwa sekunde kadhaa kisha kuvunjika upande mmoja. Vibao vipana vinavyofungwa nyuma ya skidi vinasaidia mkia usizame. Hakikisha helikopta yako inavyo na kwamba vimekaguliwa.

Ukiwa safarini, fuata mstari wa miti, mto, barabara. Ziwa lililoganda likiwa na theluji juu usilivuke kwa mwinuko mdogo katika mwanga uliofifia, zunguka ufukweni. Altimita nayo inahitaji kueleweka upya. Imetengenezwa ikidhani hewa ya kawaida, nyuzi 15 usawa wa bahari. Hewa ya baridi kali imejibana, hivyo unaposoma futi 3,000 juu ya uwanja siku ya nyuzi 30 chini ya sifuri, kwa kweli uko chini ya hapo kwa zaidi ya futi 500. Milimani futi 500 ndizo tofauti ya kuvuka na kutovuka.

Utafaidika na kitu kimoja: baridi hiyo inakupa hewa nzito. Wewe umezoea kuhesabu kila kilo kwenye hewa nyembamba ya Mlima Kenya, ambako kilele cha Lenana peke yake kiko mita 4,985. Kwenye mnara wa mita 1,500 huko British Columbia, nyuzi 15 chini ya sifuri, helikopta itanyanyua kwa urahisi utakaokushangaza. Usiruhusu nguvu hiyo ikuambie kwamba siku ni njema. Lakini uzoefu wako wa mlima ni wa thamani: upepo unaoshuka upande wa nyuma wa ukingo, nidhamu ya kuwa na njia ya kutokea, hesabu ya nguvu kabla ya kukaribia. Mlima Kenya nao umeshadai maisha ya rubani. Septemba 1970, Gert Judmaier wa Austria alipovunjika mguu karibu na kilele cha Batian, rubani Jim Hastings alikwenda kusaidia na helikopta yake ikaanguka mlimani akafa. Judmaier aliokolewa na watu waliopanda kwa miguu na kamba. Kila rubani anayeitwa kwenda kuokoa anapaswa kulijua jina la Hastings.

Hilo linanileta kwenye uamuzi wa kuruka au kutoruka. Tarehe 29 Januari 2019, jimbo la Ohio, Marekani, helikopta ya wagonjwa aina ya Bell 407 iliondoka alfajiri kwenda kumchukua mgonjwa. Kampuni nyingine mbili zilikuwa zimeombwa zikakataa kwa sababu ya hali ya hewa. Iliingia kwenye manyunyu ya theluji karibu na Zaleski, rubani akajaribu kugeuka kurudi, ikaanguka msituni. Rubani, muuguzi na mhudumu wa dharura wote watatu wakafa. Wachunguzi hawakupata kumbukumbu kwamba rubani huyo alikuwa amepata taarifa rasmi ya hali ya hewa, wala karatasi ya kutathmini hatari ya safari ile haikujazwa. Zamu zilikuwa zinabadilishana: mmoja alikubali safari, mwingine akairuka.

Kwa hiyo muulize kila anayekuomba safari kama kuna mwingine aliyekwisha kuikataa, na kwa nini. Usirithi uamuzi wa rubani wa zamu iliyopita. Angalia mwenyewe tofauti kati ya joto la hewa na kiwango cha umande, yaani joto ambalo hewa huanza kutoa umande. Zikikaribiana na jua linazama, tarajia ukungu na sakitu. Mvua inayoganda ikitajwa popote kwenye njia yako, baki chini, maana AS350 haina ruhusa ya kuruka kwenye hali ya kugandisha. Helikopta zenye mapanga yanayopashwa joto, kama baadhi ya S-92 zinazokwenda kwenye mitambo ya mafuta baharini, ni chache na ni mashine za daraja jingine. Manyunyu ya theluji yanaweza kushusha mwonekano kutoka kilomita 10 hadi mita mia chache ndani ya dakika. Weka namba yako ya kurudi, yaani mwonekano wa chini utakaokufanya ugeuke, kabla ya kuondoka, na ikifika geuka wakati bado unaona nyuma, kwa sababu aliyengoja hadi mbele pafungwe hukuta nyuma nako pamefungwa.

Vaa nguo za kutembea na kulala nje, si za kukaa kwenye kiti chenye hita. Koti likiwa kwenye sanduku la nyuma na helikopta imelala ubavu, huna koti. Kiberiti, redio ndogo na taa viwe mfukoni mwako. Hakikisha kuna mtu chini anayejua njia yako na saa ya kurudi, na anayejua afanye nini dakika ipi ukichelewa.

Mwisho, ukifika huko omba wakupe siku za kuruka na mtu aliyezoea majira yao ya baridi kabla hawajakukabidhi abiria, na omba iandikwe kwenye mkataba sasa, ukiwa bado Nanyuki. Mwajiri makini atafurahi kuombwa hivyo. Akikuambia hakuna muda, niandikie tena kabla hujanunua tiketi.